Overestimate: neno lililonikuta kando ya kichuguu

Bandugu, kwenye ukurasa huu tunaandikaka juu ya mambo makubwa. Leo naleta neno moja tu, tena la Kiingereza.

Nilipotoka kupata lisansi ya agronomia, nilifanya kazi katika mradi mdogo wa mahindi, upande wa barabara ya Kasenga. Kazi yangu: kukadiria mavuno kabla watu hawajavuna. Unapima kipande cha mita za mraba 10, unavuna, unaweka punje kwenye mzani, kisha unazidisha mara 1,000 ili upate hekta. Vipande vyangu vilitoa karibu kilo 4 kila kimoja. Nikaandika tani 4 kwa hekta. Juu ya ile hesabu, wakulima waliahidi mahindi kwa mwenye kinu, wakapokea avansi. Mavuno yalipokuja, hayakufika hata tani 2. Avansi ilikuwa imekwisha kuliwa.

Ripoti yangu ikarudi na neno moja pembeni, kwa wino mwekundu: overestimated.

Nililielewa. Kifaransa kiko na surestimer, ni ndugu yake kabisa. Lakini liliniuma, nikaanza kulifuata nyuma lilikotoka. Over ni kupita, estimate ni kupima thamani. Estimate yenyewe Waingereza wanaitumia kama kitendo tangu karne ya 16. Ile ya kupita kiasi ilifuata baadaye, karne ya 18. Nyuma yao wote kuna Kilatini, aestimare, kuweka bei. Kitendo hicho kimezaa watoto wengi: estimer ya Kifaransa, esteem ya Kiingereza ambayo ni kuheshimu, na hata aim, kulenga, iliyopitia Kifaransa cha zamani ikapoteza nusu ya mwili njiani. Kutaja bei, kuheshimu na kulenga, wote ni watoto wa nyumba moja.

Sasa sikieni iliyonifanya nisilale. Kuna maelezo ya zamani yanayosema aestimare inatoka kwa aes, yaani shaba: mtu anayekata shaba ili kupima thamani. Waroma wa mwanzo walilipana kwa vipande vya shaba kwenye mzani, kabla ya kuwa na sarafu. Sisi watu wa Katanga, tunaambiwa neno la kupima thamani limezaliwa na shaba! Nilifikiri mara moja misalaba yetu, ile croisettes, iliyochimbuliwa ndani ya makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, ambayo wazee walifanya pesa miaka mamia kabla Mbelgiji hajafika. Ile misalaba ambayo Katanga iliyojitenga mwaka 1960 iliweka 3 juu ya bendera yake.

Nikatupa habari kwenye grupu la promosheni yetu. Makofi, mioyo, bendera. Siku mbili baadaye nikasoma zaidi: wataalamu wengi wa Kilatini leo hawaiamini hadithi hiyo. Asili ya aestimare wanabishana nayo bado. Yaani nilipitisha kipimo hata kwenye asili ya neno la kupitisha kipimo. Nikaandika sahihisho. Hakuna aliyeweka moyo.

Hapa kwetu kosa hili lina jina la heshima. Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji aliyepita Katanga mwaka 1892, njo anayesemwa aliita nchi hii scandale géologique. Kuhusu shaba hakukosea. Union Minière ilianzishwa 1906, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilimwaga shaba ya kwanza. Kilichokadiriwa kupita kiasi si shaba, ni muda wake wa kutulisha. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, na katikati ya miaka ya 90 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliingia kwenye départ volontaire. Wengi wetu humu ni watoto wa ile mwaka. Tunajua namna bahasha ya baba ilihesabiwa nyumbani: gari ya taksi, alimantasiyo, masomo ya watoto wote, kiwanja. Kwenye karatasi vyote viliingia.

Sikasirikii wazee. Kiingereza chenyewe kinatenganisha. Exaggerate, neno jingine la Kilatini, maana yake ya kwanza ilikuwa kurundika, kufanya kilima. Anayerundika anajua anarundika. Sisi tunasema anatia chumvi. Anaye-overestimate hajui. Anaamini namba yake, pengine kwa sababu anakipenda anachokipima, na hapo ile esteem inarudi kwa mlango wa nyuma. Kiswahili kwa upande wake kilichukua kukadiria kutoka Kiarabu, mzizi mmoja na kadari na kudura. Kwetu kupima kunakaa jirani na mambo ya Mungu. Wakati mwingine nafikiri njo maana hatupendi mtu atuhesabie mavuno yakiwa bado shambani.

Basi tani 4 zangu zilitoka wapi? Mnavijua vichuguu vikubwa vya miombo, vingine virefu kupita nyumba. Udongo wake una chokaa na mfinyanzi, wakati ardhi nyekundu inayozunguka ni chachu na maskini. Kandokando yake mahindi yanakuwa ya kijani sana. Vipande vyangu vyote nilivipima pale. Hakuna aliyenituma. Miguu ilienda yenyewe kwenye mahindi mazuri, na kilima kikanipa namba.

Mama mmoja wa kile chama aliniuliza, polepole, bila hasira:

— Mwana wangu, ile mahindi ulihesabu, iko wapi?

Sikuwa na jibu. Mwenye kinu alilipwa kidogo kidogo, misimu miwili.

Siku hizi naandika hatua kwenye vikaratasi, nachanganya ndani ya mfuko, natoa kimoja bila kuangalia: hatua 37 mbele, 12 kushoto, napima hapo, hata kama ni majani tu. Msimu uliofuata nilipata tani moja na nusu. Mama yule aliangalia namba, akaniangalia mimi.

— Hii ni kidogo.

— Ndiyo, mama. Ni kidogo.