Kombe la Shirikisho na milango yake

Kabla ya Kombe la Shirikisho la leo, Tanzania ilikuwa na Kombe la Nyerere, lililoanza miaka ya 1970. Bingwa wake aliiwakilisha nchi katika Kombe la Washindi barani Afrika, na Pamba ya Mwanza ni miongoni mwa klabu zilizolitwaa. Baadaye mashindano hayo yalififia.

Msimu wa 2015/16 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lilirudisha mfumo wa mtoano kupitia Kombe la Shirikisho, kwa udhamini wa Azam. Kwanza zilicheza timu za Ligi Kuu, Daraja la Kwanza na la Pili. Msimu uliofuata mabingwa wa mikoa nao wakaingizwa. Hatua za awali huchezwa na timu ndogo, kisha vigogo hujiunga. Anayefungwa hutoka, na bingwa hupata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Kwa mashabiki wa Bujora, Kisesa na Mwanza mjini, mwaka wa kukumbukwa ni 2017. Mbao FC ya Mwanza, iliyopanda Ligi Kuu msimu huohuo, iliing'oa Yanga 1-0 kwenye nusu fainali katika Uwanja wa CCM Kirumba, kwa bao la kujifunga. Fainali dhidi ya Simba ilichezwa Mei 27 katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma. Dakika 90 ziliisha bila bao. Katika muda wa nyongeza Simba ilitangulia, Mbao ikasawazisha, kisha penalti ya Shiza Kichuya mwishoni kabisa ikaipa Simba ushindi wa 2-1.