Shujaa Juha: Jina la Mwokozi Anayechekesha

Kupe ni mdudu asiye na sifa. Mfugaji wa Gitega humng'oa sikioni mwa ng'ombe akamponda papo hapo, maana anajua ndiye aletaye ndigana, ugonjwa unaoweza kumwangusha ndama kwa siku chache. Tanzania ya Azimio la Arusha ilimwingiza kupe katika siasa: anayeishi kwa jasho la wenzake akaitwa kupe, na mirija yake ikatakiwa ikatwe. Sasa mwambie msomaji wa Kiswahili kwamba kuna shujaa wa vitabu vya katuni, pande la mtu lenye misuli, limevaa buluu ya kubana mwili, lina vipapasio viwili utosini, na jina lake ni Kupe. Atacheka kabla hujamfungulia ukurasa wa kwanza.

Shujaa huyo yupo kweli. Kwa Kiingereza anaitwa The Tick, na aliyemchora ni Ben Edlund, ambaye mwaka 1986 alikuwa kijana wa miaka kumi na minane huko Massachusetts, Marekani. Mwanzo Kupe alikuwa nembo tu ya jarida dogo la maduka ya New England Comics. Mwaka 1988 akapata kitabu chake mwenyewe, cheusi na cheupe, na mwaka 1994 akaingia kwenye televisheni. Waingereza na Wamarekani wana jina refu la aina hii ya kazi: kitabu cha katuni cha kujitegemea, chenye shujaa wa nguvu zisizo za kawaida, na cha kuchekesha. Sisi tunaufahamu mzigo wote huo, ila kitanzi cha kuubebea hatuna. Makala haya yanakitafuta.

Tuanze na mtoto wa Nyamugari. Jina hilo lipo Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, na lipo Muyinga pia, mkoa wa zamani ambao ukipita mpaka wake wa Kobero umeingia Ngara, Tanzania. Shuleni mtoto huyu anakutana na lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Kifaransa kinampa bede, kifupisho cha bande dessinée, neno lenye harufu ya Wabelgiji na Tintin wao. Kiswahili kinachovuka Kobero kinampa katuni. Tatizo la katuni ni upana. Mchoro mmoja wa Gado unaomsuta rais gazetini ni katuni. Paka na panya wanaofukuzana kwenye runinga ni katuni. Kitabu cha kurasa thelathini chenye hadithi iliyogawanywa katika visanduku nacho ni katuni. Kibonzo hakitusaidii, kwa kuwa nacho kinayakumbatia yote hayo.

Neno lililo sawasawa tunalo, na limekaa ghalani miaka arobaini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mchoraji Terry Hirst, aliyekuwa amekwishaanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973, alitoa Nairobi mfululizo wa vitabu vya ngano za Kenya vilivyochorwa visanduku kwa visanduku. Akauita Pichadithi. Litazame neno hilo lilivyofumwa: herufi mbili za mwisho za picha ndizo herufi mbili za mwanzo za hadithi, kwa hiyo maneno mawili yameshonwa pasipo pindo kuonekana. Sioni kwa nini tuendelee kusema "kitabu cha katuni" hali lipo neno moja linalosema kwamba picha ndiyo hadithi. Bede ni pichadithi. Basi.

Kazi iko kwa shujaa. Neno lenyewe limetoka Uarabuni, kwenye maana ya ujasiri, na Kiswahili kimelipa heshima nzito mno. Mashujaa wana siku zao: Kenya ni tarehe 20 Oktoba, Tanzania ni 25 Julai. Burundi ina tarehe 13 Oktoba, ukumbusho wa Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyezaliwa hapo hapo Gitega mwaka 1932 akauawa Bujumbura mwaka 1961. Kirundi kinamwita shujaa intwari. Ukisikia shujaa, unaona shada la maua na jiwe la kaburi. Kwa masikio yetu shujaa ni mtu aliyekufa kwa ajili ya wengine.

Hata wale wa ngano, wenye nguvu zinazopita za binadamu, wanakufa. Fumo Liyongo wa pwani, jitu, mpiga upinde na mtunzi wa mashairi, hakuna silaha iliyomdhuru ila sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Lwanda Magere wa Wajaluo, ambaye Pichadithi ilimchora, alikuwa na mwili wa jiwe, lakini uhai wake ulikaa kivulini. Adui walipokijua kivuli hicho kupitia mke waliyemwoza, wakakichoma mkuki. Siri ya udhaifu, usaliti wa mtu wa nyumbani, kifo: ndiyo njia ya shujaa wetu. Yule wa Kimarekani njia yake ni nyingine. Anaangukiwa na jengo, anajifuta vumbi, na mwezi ujao anauzwa tena.

Ndiyo maana naona "shujaa mkuu" na "shujaa wa ajabu" hazitoshi. Zinaongeza ukubwa, na tofauti haiko kwenye ukubwa. Tofauti wameiona watazamaji wa vibanda vya video, ambao hawakungoja baraza lolote la istilahi. Wao mhusika mkuu wa filamu humwita steringi, na kanuni yao wanaijua wote: steringi hauawi. Kwa maneno mawili wameeleza kile ambacho kamusi ingekizungukia kwa mistari minne. Kupe wa Edlund anaishi kwa kanuni hiyo. Katika hadithi zake inasemwa wazi kwamba ni mtu ambaye karibu hadhuriki na chochote.

Hapa nisimame kidogo kwenye jambo ambalo wachoraji wetu wanapaswa kulijua. Marekani, neno superhero lilikuwa na wenyewe. Kampuni mbili kubwa za katuni, Marvel na DC, zililisajili kwa pamoja kuwa alama yao ya biashara kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na mchoraji mdogo aliyeliweka kwenye jalada lake alijua anaweza kuandikiwa na wakili. Usajili huo ulifutwa Septemba 2024 tu, baada ya kampuni ndogo ya Uingereza kuupinga na wakubwa hao kutojibu. Shujaa halijawahi kuwa la mtu. Anayechora Muyinga anaweza kuliandika kwa herufi kubwa kuliko jina lake mwenyewe, na huo ni utajiri.

Kuna waliokwisha kuutumia utajiri huo vizuri. Shujaaz ilianza Kenya mwaka 2010, pichadithi ya Sheng iliyogawiwa bure, ikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Mhusika wake Boyie ni kijana aliyemaliza shule, hana kazi, anaendesha redio kwa siri kutoka chumbani kwake. Hapai angani wala hatoboi ukuta. Ana siri ya utambulisho, ana sauti, na anachekesha. Waandaaji wa Shujaaz walilishusha neno kutoka makaburini wakalipa mtu anayetafuta vibarua, na ile z ya mwisho iliyochukua nafasi ya ma- ya mwanzo ndiyo alama kwamba neno limebadilisha mtaa. Kwa upande mwingine Frank Odoi, Mghana aliyefanya maskani Nairobi mpaka kifo chake mwaka 2012, alimchora Akokhan, mwenye nguvu za uganga wa Kiafrika. Akokhan ni shujaa wa kutisha. Boyie ni wa kuchekesha, lakini mwili wake ni wa kawaida. Nafasi ya kati, ya mwenye nguvu kubwa na kichwa chepesi, iko wazi.

Nafasi hiyo tuiiteje? "Shujaa mcheshi" ndilo linalokuja kwanza mdomoni, na ni kosa. Mcheshi anajua anachokifanya. Anatupa neno akingoja watu wacheke. Kupe hajawahi kutania hata mara moja. Anahutubia juu ya haki kwa moyo wote, hotuba inapotea njia, yeye hana habari. "Shujaa wa mzaha" ni mbaya zaidi, maana linadokeza ushujaa wa uongo, na Kupe akisema atakuokoa, anakuokoa.

Neno ninaloliona limekaa ni juha. Katuni ya Kiswahili ilizaliwa nalo: Juha Kalulu wa Edward Gitau alianza kuchekesha wasomaji wa magazeti ya Kenya tangu miaka ya 1950, na kabla yake Juha wa hadithi za Kiarabu alikuwa amekwisha kuingia barazani kwetu akaketi karibu na Abunuwasi. Lakini tusichanganye watu. Abunuwasi ni mwerevu. Samandari wa Burundi, yule wa ngano za Kirundi anayewacheza shere watawala, ambaye jukwaa la waandishi wa Bujumbura lilichukua jina lake, naye ni mwerevu aliyevaa ujinga kama vazi la kazi. Juha hajavaa kitu. Ulimwengu anaupokea kama alivyoambiwa, na hapo ndipo anapogongana nao.

Shujaa juha, basi. Yasome maneno hayo kwa sauti uone sauti zenyewe zinavyoitana: ya pili ni kama ya kwanza iliyojikwaa. Wingi wake mashujaa majuha, na hakuna kanuni ya sarufi inayolalamika. Atakayesema juha ni tusi, namjibu kwamba ni tusi tukimwambia jirani. Tukimwambia mhusika tunayempenda ni sifa. Msomaji anamcheka kwa kuwa angetamani naye aamini wema kwa urahisi ule.

Neno lililobaki, kujitegemea, halina tabu. "Pichadithi huru" ingesikika kama iliyoponyoka mikono ya mkaguzi wa serikali, na "huria" tumekwisha kuipa programu za kompyuta. Kujitegemea linasema jambo la fedha moja kwa moja: aliyechora ndiye mwenye mhusika, na ndiye aliyelipa mtambo. Kevin Eastman na Peter Laird walipochapa nakala 3,000 za kobe wao wa ninja mwaka 1984, sehemu ya fedha walikopa kwa mjomba. Kila mchoraji wa huku kwetu anamfahamu mjomba huyo. Kwa kipimo hicho Shujaaz, yenye wafadhili, ni ya bure bila kuwa ya kujitegemea, na si aibu kutofautisha.

Pichadithi ya kujitegemea ya shujaa juha. Ni refu kidogo, lakini kila neno linafanya kazi yake, na baada ya kutajwa mara moja, "shujaa juha" pekee linatosha.

Nimelijaribu kwa kumfikiria Kupe akizungumza Kiswahili cha Nyamugari, na lugha imenipa zaidi ya nilichoiomba. Mpambe wake, Arthur, ni mhasibu aliyevaa vazi la nondo, na kila anayemwona hudhani ni sungura. Hakuna taifa la dunia linaloweza kucheka kosa hilo kama sisi tuliolelewa na hadithi za sungura mjanja. Kwenye televisheni, kilio cha vita cha Kupe ni jina la kijiko. Mtafsiri mvivu ataandika kijiko. Mimi ningeandika "Mwiko!", kwa sababu ndicho kijiko cha kusongea ugali, na ndilo katazo ambalo wazee hawakueleza sababu yake; jambazi akilisikia gizani hatajua anapigwa au anaonywa.

Kisha yupo adui yake mwenye kiti mahali pa kichwa, Chairface Chippendale, aliyekusudia kuchonga jina lake lote usoni mwa mwezi kwa mwale mkubwa. Alikatizwa baada ya herufi tatu, nazo zikabaki huko juu: CHA. Kwa Kiingereza ni kipande cha jina tu. Kwa Kiswahili ni kihusishi cha ngeli ya kiti, kimeachwa hewani bila mwenyewe. Mtoto wa Gitega akiinua macho usiku na kukisoma, ataulizia pale pale: cha nani?