Boi, Mwenyeji, Mseto: Maneno ya Rangi katika Nchi ya Almasi

Msafiri atokaye Shinyanga kwenda Mwanza hufika Maganzo kabla hajachoka kukaa garini. Ni mji wa biashara ulio kando ya barabara kuu, katika Wilaya ya Kishapu, na sababu ya kuwako kwake iko upande wa pili wa ua wa seng'enge, katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Kuna wasomaji ambao, kwa kulisikia jina hilo la Mwadui, hudhani kuwa limo neno adui. Hilo ni kosa la sikio la Kiswahili tu, kwani majina mengi ya vijiji vya Usukuma huanza na mwa-, yaani mahali pa fulani. Naanza na kosa hili dogo kwa sababu makala haya yahusu maneno ambayo masikio mawili huyasikia kwa namna mbili, na tofauti hiyo ya kusikia imewahi kuwa suala la heshima ya mtu, mshahara wake, na hata uhai wake.

John Thorburn Williamson, Mkanada, mzaliwa wa Montfort katika jimbo la Quebec mwaka 1907 na daktari wa elimu ya miamba wa Chuo Kikuu cha McGill, aliigundua almasi ya Mwadui mwezi wa Machi 1940. Eneo la mwamba wenyewe ni ekari zaidi ya 350, na kwa upana wa uso wake hapana mgodi wa namna hiyo uliopata kuchimbwa kwa faida ulio mkubwa kuushinda. Mwaka 1947 ilipatikana humo almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ikatolewa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Hata leo jiwe lile laitwa kwa jina la Williamson. Ndani ya ua palijengwa mji kamili wenye hospitali, shule na kiwanja cha ndege, na nyumba zilipangwa kama zilivyopangwa katika miji yote ya Tanganyika ya wakati ule: Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, na Waafrika upande wao. Si haki kusema kuwa mambo yote yalikwenda kwa rangi, kwani mshirika wa Williamson katika kampuni alikuwa I. C. Chopra, mwanasheria Mhindi wa Mwanza. Lakini mtu mmoja kuvuka mstari hakuufuti mstari.

Katika nyumba za Wazungu, Mwadui na kwingineko, mwanamume Mwafrika aliyepika, aliyefua na aliyepiga pasi aliitwa boi. Yafaa tukae kidogo juu ya neno hili. Kwa Kiingereza maana yake ni mtoto wa kiume. Lilipoingia katika Kiswahili lilivua umri wake mlangoni, likawa jina la kazi tu kama mpishi au dobi, likapewa wingi wa maboi, na mtu aliweza kusema bila fedheha kwamba ndugu yake ni boi wa bwana fulani. Kwa hiyo katika jiko moja neno lile lile lilitamkwa na watu wawili kwa maana mbili. Aliyeita alimwita mtoto. Aliyeitika aliitikia cheo cha kazi. Wako wanaosema kwamba kwa sababu hiyo hapakuwa na tusi. Mimi sikubaliani nao. Mtu mwenye wake na wajukuu, ambaye kwao wadogo humwamkia kwa kuinama, hakukosa kutambua kwamba yeye alitakiwa amwite mwajiri wake bwana, hata kama bwana huyo alikuwa kijana asiye na ndevu. Kiswahili kilimkinga na maana ya neno, lakini hakikumkinga na mpango uliolileta neno.

Ng'ambo ya bahari, mtu mweusi wa Marekani hakuwa na kinga hiyo ya lugha ya pili. Alitukanwa kwa lugha yake ya kuzaliwa. Katika majimbo ya Kusini mzee mweusi aliitwa mtoto mpaka kaburini, na mwanamke mweusi aliitwa kwa jina lake la kwanza tu, bila Bi wala Bibi. Richard Wright aliandika habari za maisha yake ya ujana katika kitabu kilichotoka mwaka 1945, na jina alilokipa, Black Boy, limebeba neno hilo hilo ambalo wapishi wa Mwadui walikuwa wakiitwa katika miaka ile ile. Mwaka 1963 Mary Hamilton, mtetezi wa haki za raia, alikataa kujibu maswali katika mahakama ya Alabama kwa kuwa mwendesha mashitaka alimwita Mary badala ya Bi Hamilton kama walivyoitwa mashahidi weupe. Alihukumiwa kifungo na faini kwa kuidharau mahakama, lakini mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo. Miaka minne baadaye wazoa taka wa Memphis waligoma na kuandamana wakibeba mabango yenye sentensi moja fupi iliyotangaza kuwa kila mmoja wao ni mwanamume mzima. Asiyeijua historia ya neno boy hawezi kufahamu kwa nini watu waliodai mishahara na usalama wa kazi waliona lazima kutangaza jambo lililo dhahiri kiasi hicho. Na shauri halikuishia hapo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ile ile ilibidi iamue, katika kesi ya wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku cha Alabama, kwamba neno hilo likitamkwa peke yake laweza kuwa ushahidi wa ubaguzi, kwa kutazama mazingira, sauti na desturi ya mahali.

Sasa turudi kwetu, tulitazame neno la sheria. Waingereza walipoitawala Tanganyika waliwagawa watu wake vitabuni, na Mwafrika aliitwa native. Mwaka 1923 ilitungwa sheria ya kazi ambayo jina lake lenyewe lilitaja rangi: Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji. Mtumishi aliyeacha kazi bila ruhusa aliweza kushitakiwa kama mhalifu. Sheria hii haikuondoka mpaka ilipochukuliwa nafasi yake na Sheria ya Ajira ya mwaka 1955. Neno mwenyeji ndilo lililotumiwa kulifasiri native, na hapa pana kichekesho cha uchungu. Kwa Kiswahili mwenyeji ni mwenye mji, ndiye apokeaye mgeni, ampaye mahali pa kulala, na kwa adabu zetu mgeni hukaa kwa radhi ya mwenyeji. Basi katika lugha ya sheria mwenyeji alikuwa wa mwisho, na katika lugha ya nyumbani alikuwa wa kwanza. Sina hakika kama wafasiri walikusudia hivyo, nadhani hawakukusudia.

Neno la tatu ndilo lililoitikisa nchi ya Usukuma, nalo ni mseto. Gavana Edward Twining alikuwa na siasa ya kuziwakilisha rangi tatu kwa usawa. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria liliwekwa wajumbe 30 wasio wa serikali, 10 Waafrika, 10 Wahindi na 10 Wazungu. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilionyesha Waafrika zaidi ya milioni 8.6 na Wazungu kiasi cha 20,000. Usawa wa namna hiyo ulihitaji jina la kupendeza, na kwa Kiswahili siasa hiyo ikaitwa mseto, jina la chakula cha nafaka na kunde zilizopikwa pamoja. Ni chakula kizuri. Walakini watu waliuliza kama anayekula ni yule yule aliyelima, na kwa nini kijiko kimoja cha kunde kihesabiwe sawa na gunia la mtama.

Siasa hiyo haikuishia Dar es Salaam. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 iliruhusu mabaraza ya wilaya yaingize wajumbe wa rangi zote, na wilaya iliyochaguliwa katika Usukuma kuwa ya kwanza ilikuwa Geita, nchi ya dhahabu, ambako mgodi ulikuwa ukichimbwa tangu miaka ya 1930. Wakati huo TANU ilikuwa imenyimwa ruhusa katika Jimbo la Ziwa tangu mwaka 1954, na kwa hiyo malalamiko yalipita katika vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba na katika vikao vya vijijini. Watu wa Geita waliogopa kwamba baraza la mseto ni mlango wa kuchukuliwa ardhi. Mwaka 1958 umati ulivuka ghuba kwenda Mwanza kupeleka malalamiko kwa mkuu wa jimbo. Walikaa, wakakataa kuondoka, na polisi waliwatawanya kwa moshi wa kutoa machozi. Baraza la mseto la Geita halikudumu. Gavana mpya, Richard Turnbull, hakuilazimisha tena siasa hiyo.

Wako waandishi walioeleza mambo ya Geita kuwa ni chuki ya watu wa bara kwa wageni. Tafsiri hiyo naiona ni pungufu. Wasukuma hawakuwa wageni wa wageni. Walikuwa wakiuza pamba yao kwa Wahindi kwa miaka mingi, na baba zao walikwenda pwani kama wapagazi. Walichokikataa ni hesabu, yaani kumhesabu mtu kwanza kwa rangi ndipo apewe kiti. TANU nayo ilikuwa imekwisha kulikataa neno lenyewe, ikidai demokrasia isiyotazama rangi badala ya demokrasia ya rangi nyingi. Lakini lilipokuja jaribio la uchaguzi, TANU ilipaswa kumeza mseto ili iutapike. Kanuni za uchaguzi wa 1958 na 1959 zilimtaka kila mpiga kura apige kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mhindi, moja kwa Mzungu, la sivyo kura yake iharibike. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali; Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake cha African National Congress kilichodai Afrika kwa Waafrika. Wagombea walioungwa mkono na TANU walivitwaa viti vyote, vya rangi zote tatu, na chama cha UTP kilichokuwa kikiutetea mseto kikafa.

Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, swali lilirudi Barazani kwa sura nyingine. Wajumbe kadhaa walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika kwanza. Nyerere aliwajibu kwa ukali kuliko alivyopata kuwajibu Waingereza, na alisema kwamba serikali itajiuzulu ikiwa muswada wake utashindwa. Muswada ulipita. Mwanzoni mwa mwaka 1962 shule zilizokuwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika ziliunganishwa kuwa mfumo mmoja, na mwaka 1963 TANU ilifungua uanachama wake kwa watu wa rangi zote.

Ingekuwa rahisi kuifunga hadithi hapo na kujisifu. Kiswahili chenyewe lakini hakina mikono safi. Muda mrefu kabla ya Mzungu kuita boi, mtu wa pwani alimwita mtu wa bara mshenzi, na wapagazi kutoka Unyamwezi na Usukuma walilisikia neno hilo kila waliposhuka Bagamoyo. Kinyume chake tulisema mstaarabu, neno ambalo asili yake ya Kiarabu ni kujifanya Mwarabu. Kila mwalimu anapowasihi wanafunzi wawe wastaarabu, bila kujua anawaambia kitu cha ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 neno gabachori lilivuma katika mikutano ya siasa kuwaelekea raia wenye asili ya Kihindi, na mawe yakafuata neno. Tena liko neno kaburu, lililotokana na Boer. Katika miaka ya mapambano lilikuwa jina halali la watetezi wa utengano wa rangi, lakini kampuni za Afrika Kusini ziliporudi nchini, nayo De Beers ilirudi Mwadui mwaka 1994 ikiwa na hisa tatu katika kila nne, lilitupwa kwa kila mweupe aliyesimamia kazi, awe ameutetea utengano ule au ameupinga.

Wamarekani wamejaribu dawa ya kufuta. Mwaka 2011 lilitolewa chapa la riwaya ya Mark Twain ya Huckleberry Finn, ambamo tusi la rangi linalopatikana zaidi ya mara 200 liliondolewa na mahali pake pakawekwa neno la mtumwa. Naielewa huruma ya mwalimu aliyetaka mwanafunzi mweusi asisikie tusi hilo likisomwa mbele ya darasa zima. Lakini Twain aliliweka midomoni mwa watu wake ili tuwasikie walivyokuwa, na mtumwa si neno jingine la maana ile ile: mtumwa ni hali ambayo mtu aweza kuiacha, na tusi lile lilimfuata mtu hata baada ya kuwa huru. Vivyo hivyo sitaki mhariri wetu yeyote alifute boi katika barua na vitabu vya zamani na kuandika mfanyakazi wa nyumbani. Atakuwa amemfanya mwajiri wa 1950 kuwa mtu mwema kwa kalamu yake mwenyewe.

Ndani ya ua wa Mwadui leo hapana boi, wala nyumba hazigawanywi kwa rangi. Tangu mwaka 2009 mgodi ulikuwa chini ya kampuni ya Petra Diamonds, pamoja na serikali yenye robo ya hisa. Kwa vijana wa Maganzo na vijiji jirani walioingia usiku kutafuta mawe, jina lililoandikwa katika taarifa lilikuwa wavamizi. Watu waliodai kwamba walipigwa, walipigwa risasi au walifungiwa na walinzi wa mgodi walipeleka madai yao mahakamani London, na mwezi wa Mei 2021 kampuni ilikubali, bila kukiri dhima ya kisheria, kulipa pauni milioni 4.3 ili kuyamaliza madai ya watu 71. Walinzi walikuwa Waafrika kama wao, wengine labda wa kabila lao. Katika hati za mahakama watu hao 71 waliitwa wadai, na katika lugha ya barabarani Maganzo, wenyeji.