Namba Tano za Msukosuko

Mkondo wa hewa unaochomoka kwenye nozeli hauendi mbali kabla ya kuchafuka. Kingo zake hujikunja na kuwa visulisuli, visulisuli huvuta hewa iliyotulia kandoni, na mkondo hutanuka huku ukipungua kasi. Ukizungushwa kabla ya kutoka, hutanuka zaidi. Ukizungushwa vya kutosha, hewa ya katikati hugeuka na kurudi ilikotoka. Wabunifu wa injini za ndege huutegemea mrejeo huo: gesi za moto zinazorudi nyuma huwasha mafuta yanayoingia, na moto haupeperushwi hata hewa ikipita kwa kasi kubwa. Zamani pembe ya mapezi yanayoizungusha hewa hiyo ilitafutwa kwa kuchonga chuma, kukijaribu, na kuchonga kingine. Historia ya kuihamishia kazi hiyo kwenye kompyuta ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya namba tano.

Milinganyo ya mwendo wa giligili ilikuwapo tangu karne ya 19. Kilichokosekana ni njia ya kuitatua mtiririko unapochafuka. Mwaka 1883, huko Manchester, Osborne Reynolds aliingiza rangi katika maji yanayopita ndani ya bomba la kioo. Maji yakienda polepole, rangi ilinyooka kama uzi uliovutwa. Alipofungulia zaidi, uzi ulitetemeka, ukakatika, na rangi ikatapakaa bomba zima. Mwaka 1895 alipendekeza kutofuata kila mtikisiko, bali kukokotoa wastani tu. Wastani ulileta deni: ndani ya milinganyo ikabaki mikazo itokanayo na msukosuko wenyewe, isiyo na mlinganyo wa kuipata. Ludwig Prandtl alilipunguza deni hilo mwaka 1925 kwa kukisia masafa ambayo donge la giligili husafiri kabla ya kuchanganyika na jirani zake, na mwaka uliofuata Walter Tollmien akautumia ukisio huo kukokotoa umbo la mkondo unaochomoka, kwa mkono.

Masafa hayo hubadilika kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo kompyuta zilihitaji kitu kingine. Kundi la Francis Harlow huko Los Alamos, Marekani, lilianza katika miaka ya 1960 kuupa msukosuko milinganyo yake. Njia iliyoenea duniani ilikomaa Imperial College, London, mikononi mwa Brian Spalding na Brian Launder. Hukokotoa mambo mawili kila mahali, kila moja kwa mlinganyo wake: nishati iliyomo katika visulisuli, na kasi ya nishati hiyo kugeuka joto. Launder na mwenzake Jones waliichapisha mwaka 1972. Mwaka 1974 Launder na Spalding wakaweka ndani ya milinganyo hiyo namba zilizozoeleka, 0.09, 1.44, 1.92, 1.0 na 1.3. Hazikuchomolewa katika nadharia tupu. Ile ya 1.92 ilipatikana kwa kutazama msukosuko ukififia nyuma ya wavu uliowekwa njiani mwa upepo, na 0.09 ilitokana na mitiririko inayoambaa ukutani.

Namba hizo zilikubali kwa mkondo bapa, utokao kwenye mwanya mrefu. Kwa mkondo utokao kwenye tundu la duara, ambao ndio umejaa viwandani, hesabu iliutanua kupita vipimo kwa zaidi ya robo. Mwaka 1978 Stephen Pope alieleza kwamba pete za visulisuli katika mkondo wa duara hunyooshwa kadiri mkondo unavyotanuka, na kunyooshwa huko huharakisha kuvunjika kwake. Mkondo bapa hauna jambo hilo. Akaongeza sehemu moja kwenye mlinganyo wa kasi ya nishati kugeuka joto. Wengine walikata njia, wakapandisha 1.44 hadi 1.6 kila walipokutana na tundu la duara, mithili ya mwenye duka aliye na mizani ya unga na mizani ya sukari. Lakini ndani ya chumba cha kuchomea mafuta, mikondo ya kila namna hukutana.

Mzunguko ulifichua kasoro nzito zaidi. Njia ya namba tano hudhani kwamba msukosuko huleta mnato uleule kila upande, na hewa inayozunguka haikubali. Katika saikloni, pipa linalotenga vumbi kwa kuizungusha hewa, kiini huzunguka kama kitu kigumu, na nje yake kasi hupungua kuelekea ukutani. Kompyuta ilichora karibu pipa zima likizunguka kama gurudumu. Launder na wenzake Reece na Rodi, mwaka 1975, waliipa mikazo yote sita milinganyo yake. Hesabu ikawa ghali na ngumu kutulia, lakini mzunguko ulianza kufanana na vipimo.

Njia nyingine ilitoka kwa wataalamu wa hali ya hewa. Mwaka 1963 Joseph Smagorinsky alifuata visulisuli vikubwa kadiri wakati unavyosonga, vidogo tu akavikisia. James Deardorff aliijaribu mwaka 1970 kwenye mfereji wenye vituo 6,720 vya hesabu, idadi ambayo leo ni mzaha. Faida ya njia hiyo huonekana kwenye mzunguko: kiini cha mkondo unaozunguka huyumba kama pia inayokaribia kuanguka. Wastani hulifuta yumbo hilo, ilhali ndilo linaloweza kuutikisa moto.

Kufuata kila kisulisuli bila kukisia kumebaki kazi ya watafiti, maana kasi ikipanda mara kumi, hesabu huongezeka karibu mara elfu. OpenFOAM, programu ya kukokotoa mitiririko iliyochipuka Imperial College, hutolewa bure tangu 2004 na ina nyingi kati ya njia hizi. Anayechagua ile ya milinganyo miwili bila kugusa kitu huendesha kazi yake kwa 0.09, 1.44, 1.92, 1.0 na 1.3.