Kinyonga mwenye afya hutambulika kwa macho, si kwa rangi

KWA wakazi wengi wa Kibondo na Kasulu, kinyonga si mnyama wa kufugwa. Ni kiumbe anayekutwa kwenye ua wa minyaa au juu ya tawi pembezoni mwa shamba, akitembea kwa kusitasita, naye huogopwa kuliko anavyostahili.

Katika miji ya Ulaya na Marekani hali ni tofauti. Huko kinyonga huuzwa madukani kama samaki wa mapambo au kasuku, na miongoni mwa waliouzwa kwa miaka mingi ni vinyonga waliokamatwa katika misitu ya Tanzania.

Wanunuzi wengi humchagua kwa kuvutiwa na rangi au pembe zake. Matokeo yake ni kwamba baadhi yao hupeleka nyumbani mnyama ambaye tayari anakufa, kwa sababu kinyonga huficha ugonjwa wake hadi nguvu zinapomwishia. Porini, anayeonyesha udhaifu huwa chakula cha ndege au nyoka.

Ni kiumbe wa namna gani

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye aina nyingi za vinyonga duniani, ingawa Madagascar ndiyo inayoongoza. Mwaka 2006 wanasayansi walipounda jenasi mpya ya baadhi ya vinyonga wa Afrika Mashariki na Kati, waliipa jina la Kinyongia, kutokana na neno hili hili la Kiswahili.

Aina nyingi za pekee huishi katika milima ya mashariki kama Usambara, Uluguru na Udzungwa. Katika nyanda za juu za Kigoma, ambako Kibondo ipo, anayefahamika zaidi ni Chamaeleo dilepis, mwenye mikunjo miwili ya ngozi nyuma ya kichwa. Huyu ameenea sehemu kubwa ya nchi, na jike lake hutaga mayai mengi ardhini kisha kuyafukia.

Kinyonga hana sumu. Akikasirika hujivimbisha, hutoa sauti ya kufoka na anaweza kuuma, lakini kuuma kwake hakuleti madhara makubwa.

Swali la kwanza ni asili yake

Kabla ya kuangalia jicho au mguu, mnunuzi anapaswa kujua kama kinyonga alianguliwa kwa mfugaji au alikamatwa porini. Tofauti hiyo ndiyo mara nyingi huamua kama mnyama ataishi.

Aliyekamatwa porini hupitia mikononi mwa watu kadhaa, akifungiwa katika mifuko au masanduku, bila maji ya kutosha. Minyoo ambayo hapo awali haikumsumbua sana huongezeka mwili unapodhoofika. Jike naye huweza kuwa na mayai tumboni, akakosa udongo wa kuyafukia na kufa nayo.

Mfano wa hali hiyo ulionekana mwaka 1972, pale kundi la vinyonga wa Jackson, wenye pembe tatu, lilipopelekwa Hawaii kutoka Kenya kwa ajili ya biashara. Walifika wamekonda na kuishiwa maji. Mwenye duka aliwaachia bustanini kwake ili wapate nafuu, nao wakatawanyika. Hadi leo uzao wao unaishi porini katika visiwa hivyo, ambako hawakuwapo kabla.

Kwa sababu hiyo, katika nchi ambazo ufugaji huu unaruhusiwa, anayeanza hushauriwa kuchagua aina zinazozalishwa na wafugaji kwa wingi, kama vile kinyonga wa Yemen na kinyonga chui wa Madagascar.

Macho

Jicho la kinyonga mzima hutokeza nje na halitulii. Kila moja huzunguka upande wake, na mtu anaposogea, moja humfuata.

Macho yaliyozama ndani ni dalili ya kukosa maji. Macho yanayofumbwa mchana ni dalili mbaya zaidi, kwani kinyonga mzima hulala usiku tu. Ndiyo maana inafaa kwenda kumtazama mchana, wala si jioni anapokuwa amekwisha kulala.

Mwili, miguu na mdomo

Mbavu, mifupa ya nyonga na uti wa mgongo havitakiwi kuchomoza. Uvimbe mdogo chini ya ngozi kwa mnyama aliyetoka porini unaweza kuwa minyoo, na uvimbe kwenye viungo vya miguu ni alama ya maradhi.

Vidole vya kinyonga vimegawanyika makundi mawili, mithili ya koleo. Mzima hulishika tawi kwa nguvu na kuinua tumbo lake juu ya tawi hilo. Anayeburuta tumbo, kutetemeka au kuanguka hafai kununuliwa.

Miguu iliyopinda na taya laini huonyesha kwamba alikosa kalsiamu, au alikosa mionzi ya urujuanimno inayotoka katika jua na kuusaidia mwili kuitumia kalsiamu hiyo. Ugonjwa huo unaweza kuzuiwa usiendelee, lakini mfupa uliokwisha kupinda haunyooki tena.

Mdomo unapaswa kufungwa vizuri, bila usaha wala ute. Kinyonga anayekaa mdomo wazi huenda amezidiwa na joto. Akiendelea hivyo hata kivulini, huku akipumua kwa shida, yawezekana mapafu yake yameshambuliwa.

Rangi ina maana gani

Wengi huamini kwamba kinyonga hubadili rangi ili afanane na kila kitu anachokanyaga. Imani hiyo ndiyo iliyofanya jina lake liwe tusi kwa mwanasiasa anayehama chama.

Ukweli ni kwamba rangi hufuata zaidi joto la mwili, hasira, hofu na hali ya kutafuta mwenza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walieleza kuwa kinyonga chui hubadili rangi kwa kusogeza fuwele ndogo mno zilizomo katika seli za ngozi yake, hivyo kubadili namna mwanga unavyoakisiwa.

Kwa mnunuzi, maana yake ni hii: rangi nyeusi au ya kahawia iliyokolea asubuhi yenye baridi si tatizo, kwa kuwa mnyama anakusanya joto la jua. Lakini anayebaki mweusi mchana kutwa anaweza kuwa na baridi, hofu au ugonjwa. Rangi kali za kupendeza nazo si uthibitisho wa afya, kwani huweza kutokana na hasira ya kuwekwa karibu na kinyonga mwenzake.

Mpole huenda ni mgonjwa

Wauzaji hupenda kumsifu kinyonga anayetulia kiganjani kwamba ni mpole. Sifa hiyo inahitaji tahadhari.

Kinyonga hapendi kushikwa. Anayejivimbisha, kufoka au kujitahidi kuondoka anaonyesha kwamba bado ana nguvu. Anayelegea mkononi bila kujali yupo wapi huenda amechoka kiasi cha kushindwa kujitetea.

Ulimi na kinyesi

Mnunuzi ana haki ya kuomba kinyonga alishwe mbele yake. Ulimi wake huweza kufika mbali kupita urefu wa mwili wake, bila kuhesabu mkia, na humnasa mdudu kufumba na kufumbua. Ulimi unaotoka nusu, unaokosa shabaha mara kwa mara au usiorudi vizuri mdomoni ni dalili ya udhaifu.

Kinyesi nacho husema mengi. Kwa kawaida huwa na sehemu ya kahawia na sehemu nyeupe, ambayo ni mkojo wake. Ile nyeupe ikigeuka kuwa ya njano iliyokolea au ya rangi ya chungwa, na kuwa ngumu, mnyama hanywi maji ya kutosha.

Maswali kwa muuzaji

Mfugaji makini hujibu bila kusita alianguliwa lini, wazazi wake wako wapi, anakula nini na hunyweshwa vipi. Asiyejua umri wala asili ya mnyama anayemuuza anampa mnunuzi sababu ya kuondoka.

Banda la muuzaji pia linastahili kukaguliwa. Vinyonga wakubwa waliorundikwa pamoja hupigana au hukosa raha hata bila kugusana. Bakuli la maji pekee halitoshi, kwa sababu aina nyingi hazitambui maji yaliyotuama. Hunywa matone yaliyo juu ya majani, kama ya umande au mvua.

Mtoto aliyeanguliwa karibuni naye asinunuliwe haraka. Ni vema afikishe miezi miwili au mitatu, awe anakula vizuri mwenyewe.

Baada ya kununua

Kinyonga huhitaji banda la wavu lenye matawi, jua la asubuhi, kivuli cha kukimbilia, na kuachwa peke yake. Siku za mwanzo asishikwe ovyo.

Chakula chake ni wadudu kama panzi na nyenje. Wadudu wa kuokota shambani wana hatari moja kubwa: wakitoka katika shamba lililopuliziwa dawa, sumu humwingia anayewala.

Aidha, kila anayemgusa kinyonga au banda lake anapaswa kunawa mikono kwa sabuni, kwani reptilia hubeba vimelea vya salmonela vinavyoweza kuwaharisha binadamu, hasa watoto wadogo.

Sheria inasemaje

Kwa Tanzania, suala la kuchagua kinyonga haliishii kwenye afya yake. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa. Udogo wa kinyonga, au kuonekana kwake kila siku kwenye ua wa nyumba, hakumfanyi kuwa mali ya mwenye ua.

Biashara ya kimataifa ya vinyonga husimamiwa na mkataba wa CITES, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979. Vinyonga wadogo wa Afrika wanaofanana na majani makavu, ambao kwa muda mrefu hawakuwamo, waliingizwa katika orodha ya mkataba huo kuanzia mwaka 2017.

Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 lilitolewa tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara kusafirisha wanyama waliobaki mikononi mwao, lakini lilizuiwa muda mfupi baadaye.

Hata hivyo, magendo hayakukoma. Januari 2021 ilitangazwa kuwa maofisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa Vienna, Austria, walimnasa abiria akiwa na vinyonga 74 waliotoka Milima ya Usambara. Walikuwa wamefichwa ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Watatu kati yao hawakupona. Waliobaki walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn.

Kinyonga aliyepita njia ya namna hiyo akifika dukani huweza kuoshwa, kunyweshwa na kuonekana wa kuvutia kwa siku chache. Mnunuzi asiyeuliza asili yake hulipia mnyama mgonjwa, na wakati huo huo humpa mkamataji sababu ya kurudi msituni.

Kwa mkazi wa Kibondo

Anayetaka kufuga wanyamapori kihalali, awe Kibondo au kwingineko nchini, anapaswa kuanzia kwa ofisa wanyamapori wa wilaya yake au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), kabla ya kumshika mnyama yeyote. Anayeahidiwa fedha ili akusanye vinyonga naye atangulie huko kuuliza, kwani atakayekutwa nao bila kibali ndiye atakayeulizwa.

Kwa asiyefuga, dalili zilizotajwa bado zina kazi. Kinyonga anayevuka barabara huku akizungusha macho na kujivimbisha ni mzima. Hahitaji kupelekwa nyumbani wala kupigwa mawe. Anyooshewe kijiti mbele ya miguu yake, naye atakishika. Kisha awekwe kichakani upande ule aliokuwa akielekea, aendelee kula panzi wanaoharibu mazao.