Vera Menchik, Bingwa wa Sataranji

Mchezo wa sataranji huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye miraba 64. Kila mchezaji ana kete 16, na kete yenye nguvu kupita zote huitwa malkia. Ni ajabu basi kwamba kwa miaka mingi wachezaji wengi wa Ulaya waliamini kuwa akili ya mwanamke haiuwezi mchezo huu. Nataka kukusimulia, msomaji, habari za mwanamke aliyeivunja dhana hiyo bila ya kugombana na mtu.

Vera Menchik alizaliwa Moscow, nchini Urusi, tarehe 16 Februari, mwaka wa 1906. Baba yake alikuwa Mcheki na mama yake Mwingereza. Alipokuwa na umri wa miaka tisa baba yake alimfundisha sataranji. Mapinduzi ya mwaka wa 1917 yaliipokonya jamaa hiyo mali yake. Kisha wazazi wakaachana, na mwaka wa 1921 mama akahamia na binti zake wawili katika mji wa Hastings, Uingereza. Vera hakukijua Kiingereza sawasawa. Katika ugeni ule aliuona ubao kuwa rafiki mwema, kwa kuwa sataranji ni mchezo usiohitaji maneno. Mwaka wa 1923 alijiunga na chama cha sataranji cha mji, akafundishwa na Géza Maróczy, bingwa kutoka Hungaria. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye Vera aliinama juu ya ubao siku nyingi.

Mwaka wa 1927 mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia kwa wanawake yalifanywa London. Vera alicheza mara 11. Alishinda mara 10, akaenda sare mara moja, akawa bingwa.

Lakini ubingwa huo ulikuwa baina ya wanawake tu. Mwaka wa 1929 alialikwa Carlsbad, nchini Chekoslovakia, kushindana na wanaume mashuhuri. Wachezaji walikuwa 22, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Mmoja wao, Albert Becker wa Vienna, alifanya mzaha kwamba yeyote atakayeshindwa na Vera aingizwe katika Chama cha Vera Menchik. Vera hakumjibu kwa ulimi. Walipokutana mezani, Becker alishindwa, akawa mwanachama wa kwanza wa chama alichokibuni mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Sitakuficha neno, msomaji: katika mashindano yale Vera alikuwa wa mwisho, akipata pointi 3 katika michezo 21. Mtu mwenye moyo mdogo angaliuacha ubao. Yeye hakuuacha. Katika miaka iliyofuata chama kile cha mzaha kilipata wanachama wakubwa. Sultan Khan wa India alishindwa naye. Max Euwe wa Uholanzi alishindwa mara mbili, na Euwe huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1935.

Vera aliutwaa ubingwa wa wanawake mara saba, tangu mwaka wa 1927 mpaka 1939. Katika mashindano hayo alicheza michezo 83: alishinda 78, akaenda sare 4, akashindwa 1 tu.

Mwezi wa Juni, mwaka wa 1944, kombora la Wajerumani liliiangukia nyumba yake London, likamwua pamoja na mama yake na ndugu yake Olga. Alikuwa na umri wa miaka 38, na taji bado lilikuwa lake. Kikombe wanachoshindania wanawake wa mataifa katika sataranji kinaitwa kwa jina lake.

Basi, ewe kijana, ukichekwa kabla hujajaribu, kumbuka Carlsbad. Na ukiona wenzako wanamcheka mtu kabla hajajaribu, mkumbuke Becker.