Mkosi wa Harusi Jukwaani: Historia ya Kicheko na Gharama Yake

Utangulizi

Harusi ni miongoni mwa sherehe chache ambazo jamii huziandaa mithili ya mchezo wa kuigiza. Ina wahusika wenye majukumu yaliyopangwa, ina maleba, ina maneno ambayo sharti yatamkwe kwa utaratibu maalumu, na ina hadhira inayojua fika jambo lipi linapaswa kufuata. Kwa sababu hiyo, kosa dogo harusini huonekana upesi na kila mtu. Pete ikianguka, bwana harusi akichelewa au mgeni rasmi akikosekana, waalikwa hucheka kabla hawajajizuia. Watunzi wa futuhi walilitambua jambo hili tangu kale. Makala haya yanafuatilia mkosi wa harusi katika tamthilia kadhaa, kuanzia Roma ya kale hadi Limuru ya mwaka 1977, kwa nia ya kuonyesha kwamba kinachovunjika harusini aghalabu ni kile hasa ambacho wenye harusi wamekitegemea kuwapa heshima. Aidha, yanauliza swali ambalo kicheko huelekea kulifunika: ni nani anayelipa gharama ya mkosi huo?

Bi harusi asiyesikika

Mfano wa awali unapatikana katika Casina, tamthilia ya Plautus iliyoigizwa Roma yapata mwaka 185 kabla ya Kristo. Mzee Lysidamus anamtamani kijakazi Casina, naye anapanga kumwoza kwa mnyapara wake ili yeye mwenyewe ajipatie nafasi ya kumkaribia. Mkewe, Cleostrata, anaigundua hila hiyo. Siku ya harusi anamvika mtumwa wa kiume mavazi ya bi harusi, na mnyapara na bwana wake, kila mmoja kwa zamu yake, wanaingia chumbani kwa tamaa na kutoka kwa kipigo. Hadhira inacheka kwa kuwa mkuu wa nyumba ameaibishwa katika nyumba yake mwenyewe. Hata hivyo, kuna jambo ambalo mhakiki hawezi kulipuuza. Casina, ambaye tamthilia imepewa jina lake, hatokei jukwaani hata mara moja. Harusi ni yake na vita ni kwa ajili yake, lakini hapewi hata neno moja.

Hali inayokaribiana na hii inajitokeza katika The Taming of the Shrew ya Shakespeare, iliyotungwa mapema katika miaka ya 1590. Petruchio anachelewa kufika harusini, na anapofika amevaa matambara na kupanda farasi mgonjwa. Kanisani anaapa kwa sauti kubwa hata kasisi anaangusha kitabu. Kasisi anapoinama kukiokota, anapigwa kofi. Shakespeare hauonyeshi mkasa huu jukwaani, bali anamtumia mhusika mwingine kuusimulia. Mbinu hiyo inaukuza ucheshi, kwa sababu kila msikilizaji anajichorea vurugu hiyo akilini. Wakati huo huo, inaifunika sura ya Katherina. Tunasimuliwa kwamba alitetemeka, lakini hatumwoni. Isitoshe, mkosi huu haukutokea kwa bahati mbaya. Bwana harusi ameukusudia, na anayelipa ni mkewe, ambaye anaondolewa kabla ya karamu licha ya kupinga kwake.

Dirisha, kofia na jenerali

Katika karne ya 19 mkosi wa harusi unahamia katika tabaka la makarani na wafanyabiashara, watu ambao kwao ndoa ni ngazi ya kupandia. Katika Ndoa ya Gogol, iliyochapishwa mwaka 1842, mtumishi wa serikali aitwaye Podkolyosin anasukumwa na rafiki yake hadi akakubali kumwoa binti wa mfanyabiashara. Dakika chache kabla ya safari ya kanisani, anaruka dirishani, anakodi gari la farasi na kutoroka. Bi harusi anabaki na gauni lake. Watazamaji wanacheka woga wa bwana harusi, ila fedheha inamwangukia mwanamke aliyekwisha kuvishwa.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1851, Eugène Labiche na Marc-Michel waliiwasilisha Kofia ya Nyasi ya Italia mjini Paris. Asubuhi ya harusi yake, farasi wa Fadinard anakula kofia ya mwanamke aliyekuwa faraghani na mpenzi wake. Mwanamke huyo hawezi kurudi kwa mumewe mwenye wivu bila kofia inayofanana na ile. Fadinard anazunguka mji kuitafuta, huku msafara mzima wa harusi ukimfuata nyuma na kuingia duka la kofia kwa kudhani ni ofisi ya kufungisha ndoa. Mwishowe inabainika kwamba kofia ya namna hiyo ilikuwamo miongoni mwa zawadi za harusi tangu mwanzo. Huu ni mkosi usio na maumivu makubwa: heshima inaokolewa na ndoa inasimama. Kinaya kilichopo ni kwamba heshima yenyewe ilikuwa na uzito wa kofia.

Chekhov hakuridhika na wepesi huo. Katika Harusi, tamthilia ya kitendo kimoja aliyoiandika mwaka 1889, familia inatamani jenerali awe mgeni wa heshima. Jamaa mmoja anapewa rubo 25 amlete. Anazitia mfukoni na kumleta nahodha mstaafu wa jeshi la majini. Mzee huyo, asiyejua lolote kuhusu fedha hizo, anadhani amealikwa kwa wema. Anawachosha wageni kwa amri za merikebuni, hadi mama wa bi harusi anapomkemea na kuzitaja fedha. Anaelewa ghafla, anaomba aonyeshwe njia ya kutokea, na kicheko kinakatika. Hapa futuhi inagusana na tanzia. Waswahili husema shughuli ni watu. Wenye harusi hii walidhani watu hununuliwa.

Samani na hati ya shamba

Bertolt Brecht alitunga tamthilia yake ya harusi mwaka 1919, nayo ikaigizwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1926. Bwana harusi anajivunia samani alizojiundia kwa mikono yake. Karamu inapoendelea, viti na meza vinavunjika kimoja baada ya kingine, na pamoja navyo siri ya mimba ya bi harusi inafichuka. Samani zinasema kile ambacho wageni wanakinyamazia.

Viti vinavyohitaji kukarabatiwa vipo pia mwanzoni mwa Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikitaka, ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, iliyoigizwa Kamiriithu mwaka 1977. Kiguunda na Wangeci wanatayarisha nyumba kumpokea tajiri Kioi, wakidhani anakuja kuposa binti yao, Gathoni, kwa ajili ya mwanawe. Kumbe Kioi anataka wao wenyewe wafunge ndoa kanisani. Hadi hapo, kutoelewana huku ni mali ya futuhi. Lakini gharama za harusi zinawafanya waiweke rehani hati ya shamba lao la ekari moja na nusu. Harusi hiyo inabaki njozi, haifungwi. Shamba linapotea, na Gathoni, aliyetiwa mimba na mwana wa tajiri, anakataliwa. Kibali cha maonyesho kilifutwa Novemba 1977, na kabla ya mwaka kwisha Ngugi wa Thiong'o alikuwa amekamatwa.

Hitimisho

Kutoka Plautus hadi Kamiriithu, mkosi wa harusi umebadilika. Hapo kale uliivuruga sherehe iliyokuwa halali machoni pa watazamaji. Kwa Chekhov na Brecht unafichua kwamba heshima inayosherehekewa ni ya kukodi au ya kugandishwa kwa gundi. Kamiriithu, sherehe yenyewe ndiyo mkosi. Jambo moja halijabadilika sana: Casina haonekani, Katherina anasimuliwa, binti wa Gogol anaachwa, na Gathoni anageuka mhudumu wa baa. Mzaha mzaha, wahenga walionya, hutumbuka usaha. Uhakiki wa futuhi hauna budi kumtafuta aliye nyuma ya kicheko, yule ambaye hakuulizwa kama anataka kuolewa.